Kasha la Barua za Kwaresima

Uvea, Jumanne, 30 Januari 1883

Dada yangu Zénaïde, naomba radhi kwa kunyamaza tangu Septemba. Sina udhuru unaotosha. Magoti yalivimba, kisha Sista Tarsille akaugua homa, kisha nikaona aibu kuanza, kwa kuwa kila wiki ya ukimya iliifanya inayofuata iwe nzito zaidi. Sasa nimekusudia kuandika hadi Pasaka, siku yenye neno na siku isiyo na neno, nawe utaipata shajara yote kwa pamoja huko Lyon. Ukikuta sentensi iliyopinda, inyooshe kwa penseli kama ulivyokuwa ukifanya tulipokuwa wanovisi, wala usiniambie.

Tumebaki watawa wanne. Mimi, Mama Mkuu wa nyumba ambayo paa lake linavuja sehemu sita. Sista Tarsille wa jikoni na wa wagonjwa, ambaye ulimi wake haujapungua makali. Sista Apolline, aliyefika mwaka juzi, na ambaye alitapika kutoka Marseille hadi Sydney bila kupumzika hata Jumapili. Na Sista Falakika, binti wa kisiwa hiki, wa kwanza kuweka nadhiri katika nyumba yetu. Nilimfundisha kusoma akiwa na miaka saba.

Dada zetu wa Futuna wamefiwa na walimu wawili, na shule imefungwa tangu Novemba. Nimeamua kuwapelekea Apolline na Falakika. Ni safari ya siku mbili tu. Lakini huu ni msimu wa tufani, na merikebu zinazokubali kusafiri msimu huu ni zile zisizo na chaguo.

Ijumaa, 2 Februari

Mvua. Mishumaa imebarikiwa. Miwili ilikuwa imeliwa na panya.

Jumatatu, 5 Februari

Kalala, mama yake Falakika, hugonga magome nyuma ya ukuta wetu tangu asubuhi hadi sala ya Malaika wa Bwana ya mchana. Nguo zake za magome ni nzuri kuliko zote za upande huu, nakiri, lakini huwezi kufundisha wakati kitenzi na gogo la Kalala vinashindana. Leo nilikwenda kumwomba ahamie mbali kidogo.

"Mama Mkuu," alisema bila kuacha kugonga, "wewe una watoto wangu wote wawili. Setefano ulimfundisha kuandika, akaenda Levuka kuziba matundu ya merikebu za Wazungu. Falakika umemfunika kitambaa kichwani. Mimi umeniachia gogo. Sasa hata gogo nalo wataka lihame?"

"Falakika hukusikia kanisani, Kalala. Anakosa utulivu."

"Basi ajue niko hai. Ninyi mna kengele, mimi nina hili."

Wanawake waliokuwa naye wakacheka mpaka wakaweka nyundo zao chini. Nilirudi darasani. Ni mwanamke mwenye kelele na asiye na adabu ya kutosha, na binti yake amepata upole wake kwingine.

Jumatano ya Majivu, 7 Februari

Baada ya Misa nimefunga kasha. Unaikumbuka kanuni: tangu Majivu hadi Jumatatu ya Pasaka hakuna mtawa anayepokea barua. Zikija, zinawekwa humo zikiwa zimefungwa, na ufunguo unakaa shingoni mwa Mama Mkuu. Hata zangu mwenyewe naziweka. Mwaka ule mama yangu alipofariki, barua ililala humo wiki tano, na nilipoifungua nilikuwa nimekwisha kumwombea afya njema mara thelathini na nne. Sikujuta. Moyo unaosubiri husikia vizuri zaidi, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha.

Kwa miaka ishirini na sita sijalifungua kasha hilo kabla ya wakati.

Jumatano, 14 Februari

Merikebu ya wavua nyangumi ilisimama nje ya mlango wa mwamba unaozunguka kisiwa, ikatuma mashua na mfuko wa barua kutoka Levuka. Barua tano. Nilikuwa nikizitia kashani Falakika alipoingia na kuni, akaona bahasha ya juu.

"Mwandiko wa kaka yangu huo, Mama."

"Utakuwa mwandiko wake hata Pasaka."

Alitabasamu, akainama, akaziweka kuni. Mlangoni aligeuka. "Hajawahi kuandika Februari. Huandika Krismasi na siku ya jina langu tu."

"Basi una jambo la kumtolea Mungu," nilisema, naye akaitikia, "Ndiyo, Mama."

Alikwenda zake bila kinyongo. Nilifurahi kwa jinsi nilivyomlea.

Jumanne, 20 Februari

Joto. Bahari ndani ya mwamba imekuwa nyeupe kama maziwa, haina mstari wa kuitenga na mbingu, na mitumbwi inaonekana kuning'inia hewani. Baada ya chakula nililala kidogo kwenye kiti nikaiona tena merikebu yetu ya mwaka 1857. Unakumbuka zile siku arobaini zisizo na upepo, chini ya jua la Ikweta? Matanga yalining'inia kama nguo za wagonjwa. Marehemu Ursicine alikaa sitahani akishona soksi, na katika ndoto soksi ilikuwa ndefu, ikashuka kando ya merikebu ikaingia majini, naye akaendelea kushona bila haraka. Nikamwuliza ni ya nani. Akasema, "Ya yeyote atakayesimama chini."

Tulimzika baharini kabla ya kuizunguka Rasi. Nilishika kona moja ya turubai, wewe ukashika nyingine. Tangu siku hiyo sijawahi kumpeleka mtu merikebuni bila kutazama mikono yangu.

Jumamosi, 24 Februari

Imekuja merikebu ya milingoti miwili, *Bonne-Aurore*, kutoka Levuka, ikielekea Futuna na kwingineko kununua nazi kavu. Imepakwa lami upya, inang'aa kama kiatu cha askofu. Nahodha ni Mdenmaki, Rasmussen, mtu mpole wa ndevu nyekundu, aliyevua kofia hata mbele ya mbuzi wetu. Anawakubali watawa wetu, na wataondoka Jumanne.

Tarsille alikuwa akimenya shelisheli niliporudi kutoka ufukweni.

"Imetengenezwa Levuka?" aliuliza.

"Nahodha anasema ilikaa huko mwezi mzima ikitengenezwa."

"Si ndiko anakofanya kazi kaka yake Falakika?"

"Levuka kuna mafundi wengi."

"Sijasema hakuna, Mama. Nimeuliza tu." Alimenya moja nzima kabla ya kuendelea. "Mpe mtoto barua yake asafiri nayo. Asiifungue, kama ndivyo kanuni, lakini asafiri nayo. Futuna nako kuna Pasaka."

"Barua iliyotiwa kashani hutoka Pasaka."

"Haya. Mimi ni wa maganda."

Jioni Falakika aliniuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini, kama angeweza kuipata barua kabla ya safari. Nilimwambia mtawa haombi jambo lilelile mara mbili. Aliomba msamaha, akabusu sakafu kama ilivyo desturi. Apolline hakuomba chochote. Alikuwa akijaza limau kwenye begi.

Jumanne, 27 Februari

Wameondoka saa tatu asubuhi, maji yakipwa. Apolline alianza kutapika mashuani, kabla hawajaifikia hata merikebu, akacheka mwenyewe. Kalala aliingia baharini hadi kifuani akimpa Falakika nguo ya magome iliyokunjwa.

"Ya nini, mama? Nina blanketi."

"Blanketi halijui jina lako. Chukua."

"Mama, watu wanatutazama."

"Waache watazame, si wamekuja kwa ajili hiyo?"

Falakika alicheka, akamshika mama yake kichwa kwa mikono miwili. Kisha akanitafuta kwa macho pale ufukweni, nami nikampa baraka. Merikebu ilipita katika mlango wa mwamba wa Honikulu taratibu, ikawa ndogo, ikawa doa. Katika ule weupe sikuweza kujua ni lini hasa niliacha kuiona.

Jumatano, 28 Februari

Shwari. Hakuna neno.

Alhamisi, 1 Machi

Shwari. Ndege wa baharini wamekuja kukaa juu ya paa la shule, wengi, bila sauti.

Jumapili, 4 Machi

Naandika kwa vidole vinavyouma, maana tangu Ijumaa tumekuwa tukishikilia milango.

Upepo ulianza Ijumaa adhuhuri kutoka kaskazini-magharibi. Mbingu iligeuka rangi ya shaba na kuku wakapanda mitini mchana. Kufikia saa tisa hatukusikiana. Paa la shule liliondoka zima, kama mtu anavyoinua kifuniko cha chungu, likapita juu ya migomba polepole, au nilidhani polepole, na nakumbuka nilikuwa nikihesabu boriti zake zikipita. Watu wa kijiji walikuja kanisani kwa sababu ni la mawe. Tulikaa humo hadi Jumamosi alasiri, watu mia mbili na nguruwe kadhaa, tukisali rozari kwa kugonga goti la jirani kwa kiganja ili kuhesabu, maana sauti hazikusikika. Aliyekuwa jirani yangu ni Kalala. Alipiga goti langu bovu kila Salamu Maria, naye hakukosea hesabu hata mara moja.

Upepo ulipotulia alisema, "Walikuwa na siku tatu. Siku mbili zinatosha kufika Futuna."

"Zinatosha," nilisema.

"Kama merikebu ni nzuri."

"Ni nzuri. Niliiona mwenyewe. Imepakwa lami upya."

Akaninyanyua kwa kwapa kama gunia, akanipeleka hadi mlangoni.

Jumanne, 6 Machi

Tunakusanya vitabu vya shule kutoka mitini.

Ijumaa, 9 Machi

Kalala hagongi tena magome. Kila asubuhi hubeba mkeka hadi ufukweni, huketi akitazama mlango wa mwamba hadi jua linapopanda. Nimegundua kwamba siwezi kufundisha bila ile sauti. Watoto nao hutulia ghafla katikati ya sentensi na kutazama ukutani.

Jumatatu, 12 Machi

Ndoto ya mchana: *Bonne-Aurore* ikipita juu ya mashamba ya magimbi, matanga yote wazi, majani makubwa yakifunguka mbele yake kama maji. Apolline sitahani, mzima, akila. Niliamka nikiwa na furaha kwa muda wa Baba Yetu moja.

Alhamisi, 15 Machi

Asubuhi mashua ya wanaume saba kutoka Futuna iliingia. Tulikimbia wote, nami nilikimbia. Mkubwa wao, mzee Petelo, katekista, alishuka, akanisalimu, akatazama nyuma yangu kama mtu anayetafuta aliyefichwa.

"Tumekuja kuwachukua walimu wetu, Mama," alisema. "Tumeona mmechelewa. Tukasema pengine mmekosa chombo, basi tulete chetu."

Nilisikia mawimbi madogo yakigusa mashua. Kisha Kalala akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njooni mle kwanza. Mmechoka." Akawaongoza kwake, akawachinjia kuku, akawahudumia mwenyewe. Ndiye niliyemwita asiye na adabu.

Walipokwisha kula ndipo akawaambia.

Ijumaa Kuu, 23 Machi

Kimya.

Jumatatu ya Pasaka, 26 Machi

Nilifungua kasha baada ya chakula, kama kila mwaka. Mbili za Tarsille. Moja yangu, kutoka kwako, Zénaïde, ambayo bado sijaifungua. Moja ya Apolline. Na ile nyingine.

Tarsille alizichukua zake akatoka, akauvuta mlango.

Mama Mkuu ana haki ya kufungua barua ya mtawa. Niliifungua. Nakunakilia kama ilivyo.

"Dada yangu Falakika. Katika barua ya Krismasi ulisema mtapelekwa Futuna. Ikija merikebu iitwayo *Bonne-Aurore*, msipande. Mimi mwenyewe nimeikalafati, kuziba nyufa, upande wa kushoto. Chini ya maji kuna mbao tatu zilizooza, kidole kinaingia chote. Nilimwambia msimamizi, akasema paka lami. Nikapaka. Nina familia hapa, nikapaka. Ikipigwa na bahari kubwa itafunguka. Mwonyeshe Mama Mkuu barua hii leo hii. Yeye ni mkali lakini huwa anasikiliza akionyeshwa jambo lililoandikwa. Mama asiambiwe, atapiga kelele. Kaka yako, Setefano."

Niliisoma nikitafuta makosa. Ni tabia ya ualimu, macho yalikwenda yenyewe. Haina hata moja.

Jumatano, 28 Machi

Padre Grandjean anataka Jumamosi tuimbe Misa ya wafu kwa ajili ya wale wawili. Mzee Petelo na wenzake wanasema bado, kati ya hapa na Futuna bahari ina visiwa vya mchanga na miamba, na watu wamewahi kukaa huko mwezi mzima wakila mayai ya ndege. Ndugu za Kalala wanatengeneza mashua yao kubwa. Pepo za kusini-mashariki zimeanza kuvuma bila kubadilika, na wiki ijayo wanaweza kwenda kutafuta pamoja na watu wa Futuna.

Nilimwambia Padre habari ya barua. Alisema nilitii kanuni na kwamba sina dhambi. "Na Kalala usimwambie," akaongeza. "Itamsaidia nini?"

Nilimwuliza Tarsille.

"Padre ni mtu mwema," alisema akisugua sufuria. "Lakini hajawahi kuishi nyuma ya ukuta ule."

"Wewe uliniambia nimpe."

"Nilikuambia mara moja. Ningekuambia mara kumi, Mama, kama ningejua unasikia. Mimi nami nilinyamaza nikamenya." Akageuza sufuria. "Usinipe msamaha sasa hivi. Sina mikono mikavu."

Ijumaa, 30 Machi

Nilimkuta ufukweni kwenye mkeka wake, asubuhi. Niliketi mchangani, jambo ambalo magoti yangu yanakumbuka hadi sasa, nikamwambia kuna barua ya Setefano, nikamsomea yote, hata lile neno la kupiga kelele.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Ilifika lini?"

"Wiki moja baada ya Majivu."

"Kabla hawajaondoka."

"Siku kumi na tatu kabla."

"Ilikuwa wapi?"

"Kashani. Ilikuwa Kwaresima."

"Yeye aliijua?"

"Aliuona mwandiko. Aliiomba mara mbili. Nilikataa mara mbili."

Hakupiga kelele. Alitazama mlango wa mwamba, ambako maji yalikuwa yakiingia kimya, ya kijani, yenye kung'aa, asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka huu.

"Mwezi mzima," alisema, "nimekaa hapa naitukana bahari."

Akainuka, akakunja mkeka wake, akaniacha pale.

Jumatatu, 2 Aprili

Misa ya wafu haikuimbwa. Kalala alimtumia Padre ujumbe kwamba hatakuja, wala ukoo wake, wala yeyote anayetaka kupata nguo ya magome katika maisha haya.

Mashua itaondoka Alhamisi.

Jumanne, 3 Aprili

Hapa mtu akimkosea mwenzake kosa zito huchukua mzizi wa kava na mkeka mzuri, huenda kuketi mbele ya nyumba ya aliyekosewa, kichwa kimeinamishwa, asiseme neno. Wenye nyumba wakiupokea mzizi, wakauponda, wakanywa naye, jambo limekwisha na halitajwi tena. Wasipoupokea, atarudi kwake na mzizi wake, na kila mtu atajua. Miaka ishirini na sita nimewafundisha kwamba kitubio kinatosha, kwamba haya mengine ni maonyesho. Nimewaona wakiketi hivyo kwenye mvua, nikapita na mwavuli.

Nimeketi mbele ya nyumba ya Kalala tangu alfajiri. Mzizi alinitafutia Tarsille, mkubwa, wenye udongo bado. Daftari liko juu ya goti langu zima. Desturi inakataza kusema, haijakataza kuandika, au hakuna aliyewahi kufikiria kuikataza.

Nimewaomba wenye nyumba mambo mawili kupitia mzee Petelo, ambaye alikubali kunisemea. La kwanza ni hili la mzizi. La pili ni nafasi katika mashua. Falakika ana mama na wajomba watano wa kumtafuta. Apolline hana mtu hapa ila mimi. Kanuni inasema Mama Mkuu hatoki nyumbani kwake bila ruhusa ya Askofu, na jibu lake huchukua miezi minne. Nimemwandikia kumjulisha. Sikumwandikia kumwomba.

Watu wamepita wakaniangalia, wakaondoa macho. Wanafunzi wangu walipita, wakaacha kuzungumza, wakatembea kwa ncha za vidole. Ndani nasikia wajomba wakibishana.

"Atatutapikia mashuani, huyo bibi."

"Hatapiki huyo. Huyo hata mawimbi atayasahihisha."

"Mmoja akicheka tena atatoka nje," ni sauti ya Kalala.

Jua lilipofika utosini alitoka mwenyewe. Alisimama juu yangu muda mrefu, nikaona miguu yake tu na kivuli chake. Aliweka jani la mgomba mbele yangu, lenye gimbi na kipande cha samaki, mbali na mzizi, ili nisije nikaelewa vibaya.

"Kula, Mama Mkuu," alisema. "Bado sijaamua."

Akarudi ndani. Nimekula. Samaki alikuwa na chumvi nyingi, nami nimemmaliza hadi miiba. Sasa ni saa nane, kivuli cha paa kimeanza kunifikia magoti, na mzizi uko palepale. Sitaondoka hapa mpaka ninywe au nirudishiwe. Kalala akiamua, Zénaïde, nitakuandikia.